Umekuja kwa Nani?

 Msikilizaji wangu, leo nimekuja na swali nililoulizwa Pangani, mkoani Tanga, na mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kivuko. Ilikuwa mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kusi inavuma na kijibaridi kipo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Alinitazama, akalitazama begi langu, akageuza vitumbua vyake, ndipo akauliza: "Umekuja kwa nani, mwanangu?"

Nikamjibu kama ilivyokuwa. "Sijaja kwa mtu, mama. Nimekuja kupumzika."

"Huna ndugu huku?"

"Sina."

"Wala rafiki?"

"Wala rafiki."

Akachukua kitumbua kimoja kutoka kwenye sinia, akakiweka kwenye kisahani changu juu ya vile vitatu nilivyonunua. "Hicho sikuuzii," akasema. "Kula."

Nimekaa na swali lile mwaka mzima. Sisi kwetu mtu haendi mahali tu, huenda kwa mtu. Naenda kwa mjomba. Naenda kwa bibi. Naenda kwetu. Simama stendi ya Magufuli pale Mbezi wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, au bandarini Dar es Salaam siku mbili kabla ya Idi, uwaulize walioshika tiketi: kila mmoja ana jina la mtu mdomoni. Huyu anampeleka mtoto aonwe na babu yake. Yule anawahi arobaini. Mwingine ameitwa kwenye kikao cha mahari, au kuna mpaka wa shamba unaogombaniwa na bila yeye hauamuliwi. Likizo inaisha hivyo, na Jumatatu mtu anaingia kazini amechoka kuliko alivyoondoka, mfuko umekauka. Sisemi tuache. Mimi mwenyewe Desemba nitakuwa kwetu, nitakaa jikoni na shangazi zangu mpaka usiku wa manane, na sitaki kuwa pengine. Ninachosema ni kwamba kuna uchovu mwingine ambao safari ya namna hiyo haiugusi, na uchovu huo ndio uliokuwa umenishika.

Riziki yangu ni sauti. Hapa studio, kimya cha sekunde tano ni ajali. Fundi mitambo anainuka kitini. Miaka kumi na minne nimeishi nikiziba kila upenyo wa kimya kwa neno, kwa wimbo, kwa tangazo. Ikafika mahali hata nyumbani, saa saba za usiku, watoto wamelala na mtaa umetulia, kichwa changu kinaendelea kutangaza. Daktari akanipima akaniambia haoni ugonjwa, nipumzike.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilikwenda ufuko mmoja ambao kila mtu anaujua, sitautaja. Nilikuta baa tatu zimepakana, kila moja na spika zake, na hakuna iliyokubali kushindwa na mwenzake. Kulikuwa na bembea moja imefungwa mnazini, na watu wamepanga foleni ili wapigwe picha wameikalia, nyuma yao bahari. Nami nikapanga. Picha ilitoka vizuri sana, ninayo mpaka leo. Lakini kichwa nilikirudisha Dar es Salaam kilekile.

Ni fundi mitambo wetu, mzaliwa wa Muheza, aliyeniambia: "Dada, kama unataka masikio yapumzike, nenda Pangani. Ila usiende na haraka."

Basi nikashika njia. Chalinze, Segera, pale unakata kulia kuelekea Tanga, unapita Hale, na Muheza unashuka katikati ya ndoo za machungwa. Hapo ndipo mwendo unapobadilika. Muheza hadi Pangani ni kilomita kama 45, na basi dogo nililopanda lilitumia zaidi ya saa mbili, maana lilikuwa likisimama kushusha gunia, kupakia kuku, kumngoja mzee aliyeonekana kwa mbali akija na mkongojo wake. Hakuna abiria aliyenung'unika. Niliyekuwa naangalia saa ni mimi peke yangu.

Njia nzima ni mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyosafirishwa ilikuwa 1,000, iliyofika hai ni 62, na ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya pili ya mto Pangani. Kwa uzao wa miche hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuongoza dunia nzima kwa mkonge, na watu wakaletwa kutoka kila pembe ya nchi kuukata. Nikiwa dirishani nilikuwa nafikiri juu ya ile miche 62, ilivyokuwa midogo, na ukubwa wa jasho lililofuata.

Ukiingia Pangani unaweza kudhani huu ni mji ambao haukuwahi kujua kelele. Barabara inayofuata mto ni ya kutembea katikati yake bila kugeuka nyuma. Kuna nyumba za ghorofa za zamani ambazo chokaa imebanduka, mawe ya matumbawe yanaonekana kama mbavu. Milango ya kuchonga imepasuka kwa jua. Fundi cherehani anashona barazani; mbuzi wamelala kwenye ngazi za jengo lililokuwa la mtu mkubwa.

Lakini mji huu ulikuwa na kelele, tena za kutisha. Karne ya 19 misafara ya kwenda Umasaini na Kilimanjaro ilianzia hapa. Pembe za ndovu ziliteremshwa hapa. Watu waliofungwa minyororo walipitishwa hapa kuvushwa Unguja na Pemba, na wengine wakabakizwa kwenye mashamba ya miwa ya kando ya mto. Agosti 1888 hapa ndipo watu walipoikataa bendera ya kampuni ya Kijerumani, vita vikaenea pwani nzima, Abushiri bin Salim akiwa kiongozi. Na tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa papa hapa Pangani. Halafu Wajerumani wakaanza kujenga reli yao kutoka Tanga, mwaka uleule wa 1893 mkonge ulipofika. Reli ikapanda Muheza, Korogwe, Mombo, mwisho ikafika Moshi, na kila mzigo uliokuwa ukiteremka Pangani kwa vichwa vya watu ukahamia kwenye mabehewa, kuelekea bandari ya Tanga yenye kina. Pangani mlango wake una fungu la mchanga, meli kubwa haiingii. Ikabaki pembeni.

Naeleza haya kwa sababu tukisema "mahali patulivu" huwa tunasema kana kwamba utulivu umekuwepo tu, kama hewa, ukitungoja sisi wenye likizo. Utulivu wa Pangani umetengenezwa na biashara iliyohama. Kwa wenye maghala ilikuwa hasara. Kwa aliyekuwa amefungwa mnyororo, kuondoka kwa biashara ile ilikuwa nafuu. Nilipokuwa natembea jioni kando ya ule mto nilihisi napita ndani ya vyote viwili, na nikapunguza sauti ya viatu vyangu.

Mto wenyewe pale mwisho ni mpana, rangi ya chai ya maziwa. Maji yake yametoka Meru na Kilimanjaro, yamekusanywa Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme Hale na kwenye maporomoko ya Pangani, yamemwagilia mashamba ya watu njia nzima, ndipo yakafika. Yanafika yamepungua. Mkulima mmoja niliyevuka naye aliniambia siku hizi bahari inaingia mtoni na kupanda juu, na minazi iliyozoea maji matamu inakufa kwa chumvi. Alinionyesha kwa kidole: vigogo vimesimama, havina vichwa.

Unavuka kwa kivuko hadi Bweni, dakika chache tu, kisha unachukua bodaboda kuelekea kusini kama kilomita 15, katikati ya minazi, hadi kijiji cha Ushongo. Nilifikia kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinne, paa la makuti, ya mama mmoja mjane wa makamo. Naye aliuliza swali lilelile, umekuja kwa nani. Nilipojibu akasema, "Basi umekuja kwangu," akachukua begi.

Usiku wa kwanza sikulala. Nawaambia ukweli huu kwa sababu watu wanaosifu utulivu huwa wanauruka. Kichwa kilichozoea kelele kikikosa kelele kinatafuta. Nilisikia moyo wangu. Nilisikia mdudu ndani ya boriti akitafuna. Nilikumbuka bili, nikakumbuka maneno niliyomwambia mtu mwaka 2011, nikaamka nikaketi barazani na kanga mabegani. Kule hakuna taa za barabarani, na mwezi ulikuwa haujatoka. Giza lilikuwa zito kiasi kwamba mkono wangu mwenyewe sikuuona, lakini nyota zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye vichwa vya minazi. Mkazi wa mjini anasahau kwamba nyota ni nyingi namna ile.

Usiku wa pili nililala saa tatu, nikaamshwa na adhana ya alfajiri.

Na kuanzia hapo sauti zikaanza kunijia moja moja, kila moja na nafasi yake. Kinu kikitwangwa nyuma ya nyumba. Fundi akipiga kalafati mashua iliyopandishwa mchangani: anapiga, anatulia, anapiga. Mtoto akiitwa na mama yake kutoka mbali, jina limevutwa refu. Upepo kwenye makuti, ambao mgeni anaweza kuudhania mvua. Nilikaa nikafikiri: kumbe haya yote huwa yapo, na kazi yangu ya miaka kumi na minne imekuwa kuyafunika.

Sasa nije kwenye Maziwe, maana bila Maziwe nisingekuwa na mazungumzo ya leo.

Maziwe ni kisiwa, au niseme kilikuwa kisiwa, baharini mbele ya Ushongo. Siku hizi ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kwenda huko lazima uangalie mwezi: siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, ndipo mchanga unapotokea vizuri. Na mwezi wa saba inabidi uondoke asubuhi, kabla kusi haijashika nguvu. Nilimkuta nahodha ufukweni anafunga tanga.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Bahari haijui kidogo. Vaa jaketi hilo."

Tulikuwa watu watano. Tulipofika nahodha alishuka wa kwanza, akasimama katikati ya mchanga uliokuwa bado unachuruzika maji, akageuka pande zote kama mtu aliyeingia nyumba iliyobomolewa. Akasema, "Mimi nikiwa mtoto tulikuwa tunalala hapa. Palikuwa na mivinje, unafunga hamoki kutoka mti hadi mti. Wavuvi walikuwa na vibanda vyao pale." Alipoonyesha hapakuwa na kitu. Maji ya kijani tu.

Mivinje ilikatwa. Mizizi iliyokuwa imeukamata mchanga ikaoza, bahari ikaula mchanga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Hii ilitokea wakati Maziwe tayari imetangazwa hifadhi ya bahari, tangu 1975. Ilitangazwa kwa sababu kilikuwa kisiwa cha kasa: kasa wengi walipanda pale kutaga kuliko karibu mahali pengine popote kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Sikiliza sasa jambo hili, limenisumbua. Kasa jike hukua polepole, hupita miaka ishirini, thelathini, wakati mwingine zaidi, kabla hajaanza kutaga, na akianza hurudi upande uleule wa bahari alikozaliwa. Wapo basi kasa wanaopanda Maziwe leo ambao huenda walianguliwa chini ya mivinje ile, au ni watoto wa walioanguliwa pale. Wanakuja usiku, wanachimba, wanataga mayai yanayoweza kupita mia, wanafukia, wanarudi baharini. Kisha maji yanajaa na kukifunika kiota. Yai la kasa lina uhai unaovuta hewa. Likizama muda mrefu linakufa. Kasa hajui kwamba kisiwa kimekufa. Anaendelea kurudi kwao.

Wanaojua ni watu wa Ushongo. Wamefundishwa kuvitafuta viota kwenye fungu lile, kuyachukua mayai kwa mikono bila kuyageuza, kuyavusha kwa boti na kuyafukia upya kwenye ufuko wa kijiji, juu ya mstari wa maji. Wanavilinda viota hivyo karibu siku 60. Jioni iliyofuata kijana mmoja mlinzi wa viota alipita barazani akatuambia kiota kimoja kimeanza kutitia, yaani mchanga wa juu umezama kidogo, dalili kwamba chini vitoto vinatembea.

Tulikwenda wageni sita na watoto wa kijiji wasiohesabika. Kijana akatupanga pande mbili, katikati akaacha njia hadi kwenye maji. Akatupa masharti: hakuna kugusa, hakuna kupita mbele yao, simu zote zizimwe, hata kioo kisiwake. Kitoto cha kasa kikitoka hukimbilia kwenye mwanga wa upeo wa bahari, ambao katika giza ni mweupe kuliko nchi kavu. Kikiona taa nyuma yake hugeuka kikaifuata taa, kikaishia vichakani, kikaliwa na siafu au kikakaushwa na jua la asubuhi.

Mchanga ulichemka. Sina neno jingine. Kikatokea kichwa, halafu mkono, halafu wakatoka kama maji ya chungu yanavyofurika, wadogo wa kujaa kiganjani, weusi, wakianza kutambaa palepale bila kuuliza mtu. Walikuwa sabini na kitu. Kijana aliwahesabu kwa kunong'ona. Watu wote tuliokuwa pale, pamoja na wale watoto, tulinyamaza. Si kimya cha msikitini wala cha mazishini. Tulikuwa tumenyamaza kwa sababu kuna kazi ilikuwa inafanyika, na mchango wetu ulikuwa kutokuwepo. Mwisho kabisa alitoka mmoja aliyechelewa, akasimama katikati ya njia muda mrefu. Hakuna aliyemsukuma. Wimbi likaja likamchukua.

Mimi mtu wa sauti nilielewa siku ile kwamba giza na kimya vina wenyewe wanaovitumia. Ule ufuko mtulivu niliokuwa nausifu ulikuwa unalindwa kila usiku na vijana wa kijiji, kwa miguu.

Usiku ule mwenyeji wangu aliniambia habari nyingine, tena bila kulalamika, wakati tunachambua dagaa. Binti yake alishikwa na uchungu wa uzazi usiku. Gari lilipatikana kwa shida, walipofika Bweni kivuko kilikuwa kimefungwa, taa za hospitali zinaonekana ng'ambo. Walivuka kwa mtumbwi. Mtoto ni mzima, ndiye aliyekuwa amelala mapajani mwa bibi yake. Lakini nilitazama lile giza lililonitibu nikaona jinsi lilivyoonekana kwa binti yule usiku ule, akiwa kwenye mtumbwi.

Kwa hiyo nikisikia wapenda safari wakisikitika kwamba Pangani sasa itaharibika kwa sababu ya daraja, siwezi kukaa upande wao. Daraja la mita 525 juu ya mto Pangani, sehemu ya barabara ya lami ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, ni haki ya watu wa Bweni, Mwera na Ushongo. Utulivu wangu wa siku nne hauwezi kununuliwa kwa mtumbwi wa mama mjamzito.

Ninachoogopa ni viwanja. Barabara ikifika, anafuata mtu mwenye kamba ya kupimia. Ufuko unauzwa vipande vipande, anayeuza anapata pikipiki na bati, anayenunua anajenga ukuta mpaka kwenye mstari wa maji, na juu ya ukuta anaweka taa kubwa inayomulika bahari usiku kucha ili wageni waone mawimbi. Taa moja ya namna hiyo inatosha kupoteza kiota kizima. Hapo ndipo serikali ya kijiji na halmashauri wanapohitaji sheria ndogo zenye meno, mapema, kabla ya kuta. Taa zielekezwe chini na zizimwe msimu wa kuangua, njia ya watu kwenda pwani isifungwe, na mivinje na mikoko isiguswe. Tulishaona Maziwe ilivyokuwa imeandikwa hifadhi kwenye karatasi huku miti inaangushwa.

Na sisi wageni tuna sehemu yetu. Mimi najua la kwangu dogo: ukienda kijiji kama kile, pesa yako iache kijijini. Kula bada na samaki wa pale, nunua madafu kwa mtoto aliyeyaangua, panda boti ya nahodha wa pale na ulipe ada ya hifadhi bila kutafuta njia ya kuikwepa. Kabla ya kumpiga mtu picha, muulize kwanza. Jifunge kanga ukitoka kwenye maji kuingia kijijini; pale watu wanaswali, wana wazee wao. Na spika yako, ndugu yangu, iache nyumbani, nakuomba kwa heshima zote.

Mtaniuliza, je, ni Pangani tu? Nchi imejaa. Kuna Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama majini, na Jumamosi wanawake wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi kwenye gulio la Lyulilo. Kuna Kilwa Kisiwani, alikofika Ibn Battuta mwaka 1331, na leo unaweza kukaa ndani ya magofu ya Husuni Kubwa asubuhi nzima usimwone mtu ila mjusi. Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi, kuna papa potwe, mkubwa kuliko samaki wote duniani na mpole. Ila msinichukulie orodha hii kama ya kumaliza. Nawasihi mchague mahali pamoja, mkae hapo siku nne au tano, mrudi tena mwaka unaofuata. Anayezunguka sehemu sita kwa wiki moja huwa anaona barabara.

Kama ni Pangani mnaitaka, epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za vumbi zinageuka uji. Juni hadi Septemba kuna ubaridi na upepo, na vitoto vya kasa. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali, maji ya bahari yako wazi hadi chini.

Asubuhi ya kuondoka nilivuka na kivuko cha kwanza, nikarudi kwenye benchi lile la vitumbua.

"Umepumzika?" mama akaniuliza.

"Nimepumzika, mama."

"Ulifikia kwa nani huko Ushongo?"

Nikamtajia mwenyeji wangu. Akaweka mwiko chini. "Yule si wifi yangu! Amekutunza?" Nikamwambia amenitunza. Akafurahi kama sifa imekuja kwake. Akanipimia chai, halafu akaanza kulalamikia chuma chake cha vitumbua: mashimo mawili yametoboka, mafuta yanavuja motoni, anachoma vitano vitano mahali pa saba, na wateja wa kivuko hawangoji. Pangani hakipatikani, Tanga aliambiwa bei akanyamaza. Akaniuliza nitarudi lini. Nikasema mwakani, mwezi wa saba, Mungu akipenda.

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo. Nimekipata, cha chuma kizito, mashimo saba, hakina ufa. Kipo hapa chini ya meza ya studio, nimekizungushia gazeti, na fundi mitambo amekwishajaribu uzito wake mara mbili akasema kitadumu. Basi la Tanga linaondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi.